Gemu nne za zamani za kutua na chombo cha angani: uanze na ipi?

Ukiambiwa "ile gemu ya kutua Mwezini", unaweza kudhani ni kitu kimoja: kichombo chenye miguu, milima ya mistari myeupe, mafuta yanayokaribia kwisha. Ukienda kuitafuta ndipo unakutana na ukoo mzima. Ipo ya mwaka 1969 isiyo na picha hata moja. Ipo ya 1973 inayochezwa kwa kalamu. Ipo ya mashine ya sarafu ya 1979, na ipo iliyoubeba mchezo wote ikaupeleka Jupiter. Nimezicheza zote nne, na katika kila moja nimechimba mashimo ya kutosha. Haya ni kwa mtu aliyekwama hajui aanze na ipi.

Kwanza wahusika.

Lunar iliandikwa na Jim Storer, mwanafunzi wa sekondari huko Lexington, Massachusetts, miezi michache tu baada ya Apollo 11 kutua Julai 1969. Aliiandika kwa lugha ya FOCAL kwenye kompyuta ya PDP-8. David Ahl akaihamishia kwenye lugha ya BASIC, na kuanzia hapo ikasambaa kila palipokuwa na kompyuta.

Moonlander ni kazi ya Jack Burness ya mwaka 1973, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa GT40, kituo cha michoro cha kampuni ya DEC.

Lunar Lander ya Atari ilitoka 1979, ikiwa gemu ya kwanza ya kampuni hiyo kutumia michoro ya vekta, yaani picha za mistari tupu. Waliohusika zaidi ni Howard Delman na Rich Moore.

Jupiter Lander ni ya HAL Laboratory, kwa kompyuta za nyumbani za Commodore: VIC-20 kwanza, kisha Commodore 64 mwaka 1982.

Nimezipima kwa mambo matano: mkono wako unafanya kazi gani, fizikia yake ni ya kweli kiasi gani, kosa lako linakuua lini, kipindi kimoja kinakula muda gani, na unaipata vipi leo. Uzuri wa picha sikuuweka, maana ukiutanguliza huo, Lunar itatolewa mlangoni kabla haijasema neno. Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito, na nitakaa nacho kuliko vingine.

Mkono unafanya nini

Kwenye Lunar mkono unaandika namba, basi. Kila baada ya sekunde 10 za safari, gemu inakupa mstari mmoja: muda uliopita, urefu uliobaki kwa maili na futi, kasi, na mafuta. Kisha inakuuliza utachoma paundi ngapi za mafuta kwa sekunde. Unajibu sifuri, au namba yoyote kati ya 8 na 200. Hakuna anayekukimbiza. Ukitaka kwenda kunywa maji, nenda. Chombo kitakungoja palepale kilipo, tuseme maili 60 juu, kikishuka kwa kasi ya kutisha lakini kimesimama kama picha.

Moonlander inakutaka uiguse skrini yenyewe. Unaelekeza kalamu ya mwanga kwenye mchoro wa kidhibiti cha injini na kukivuta juu au chini, na unagusa mishale ili chombo kigeuke. Kitu ninachokipenda zaidi hapo ni kwamba vipimo viko vingi kuliko nafasi ya kuvionyesha. Unachagua mwenyewe vinne vya kuweka juu ya skrini: kasi ya wima, kasi ya mlalo, mafuta, pembe na kadhalika. Hata kuchagua utakachokitazama ni sehemu ya kuendesha.

Ya Atari ina vitufe viwili vya kugeuza chombo, wenzo mkubwa wa msukumo, na kitufe cha dharura kinachokisimamisha chombo wima na kukipandisha kwa nguvu zote. Kitufe hicho kinaokoa maisha, ila kinakunywa mafuta vibaya sana. Wenzo wake ndio roho ya mchezo: unauvuta taratibu na injini inakujibu taratibu. Ukicheza kwa kibodi ulaini huo unapungua. Padi yenye kifimbo cha analogi inaurudisha kwa kiasi.

Jupiter Lander imekuondolea kugeuka kabisa. Chombo kinakaa wima muda wote. Chini kuna injini kubwa, na ubavuni ziko ndogo za kukusukuma kulia au kushoto. Mtu anayechanganyikiwa na mambo ya pembe atashusha pumzi hapa.

Fizikia

Hapa Lunar inashangaza wengi. Kwa kuwa haina picha, mtu hudhani hesabu zake ni za kubahatisha. Sivyo. Uvutano wake umewekwa 0.001 maili kwa sekunde mraba, ambayo ni kama mita 1.61, wakati uvutano halisi wa Mwezi ni mita 1.62. Chombo kinapungua uzito kadiri mafuta yanavyoungua, kwa hiyo msukumo uleule unabadilisha kasi zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Kosa dogo limo: mwaka 2024 Martin C. Martin aliipekua programu na kukuta fomula inayotumika kujua kama chombo kimegusa chini imesahau kugawanya kwa mbili mahali pamoja. Karibu miaka 55 watu wanatua na kuanguka, inaonekana hakuna aliyeliona. Kwa kazi ya kijana wa sekondari, mimi namvulia kofia.

Pungufu lake ni kwamba chombo kinaporomoka wima moja kwa moja, kutoka maili 120, kwa kasi ya maili 3,600 kwa saa. Hakuna mwanaanga aliyewahi kushuka hivyo. Vyombo vya Apollo vilikuja ubavu kutoka kwenye obiti, na kazi kubwa ilikuwa kuua kasi ya mlalo.

Kasi hiyo ya mlalo unaikuta Moonlander na Atari. Moonlander inakuonyesha hadi mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika) wa pande zote mbili na uzito wa chombo. Atari imegawa ugumu kwa misheni nne: Training ina hewa inayokupunguzia kasi, Cadet haina hewa, Prime ina uvutano mkali, na Command inakuongezea balaa, yaani chombo kikianza kuzunguka hakikomi mpaka ukizuie mwenyewe kwa kukizungusha upande wa pili. Jupiter Lander usiiulize mambo ya sayansi. Jupiter yenyewe haina ardhi ngumu ya kutulia, sembuse viwanja vitatu vyenye alama.

Kosa linakuua lini

Gemu hizi zote zinaua. Tofauti ni umbali kati ya dakika ya kukosea na dakika ya kufa.

Lunar ni ya kukosea mapema na kulipa baadaye. Mgeni akiona kasi ya maili 3,600 kwa saa anaingiwa na hofu, anaandika 200 tangu mstari wa kwanza. Kasi inashuka vizuri, naye anafurahi. Kwenye sekunde ya 73 hivi chombo kinasimama kabisa. Kimesimama wapi? Maili 80 juu ya ardhi, na kati ya paundi 16,000 za mafuta zimebaki kama 1,400. Kutoka hapo kinaanza kuanguka upya. Hata akiyatunza mafuta yote hayo hadi dakika ya mwisho, atapiga ardhi kwa zaidi ya maili 900 kwa saa, na gemu itamwambia waziwazi kwamba ameacha kreta mpya, yaani shimo, Mwezini. Amekufa tangu sekunde ya kwanza, ila taarifa ndiyo imechelewa.

Dawa yake inakwenda kinyume na woga: andika sifuri. Sifuri tena. Sifuri mara saba, sekunde 70 nzima za kuporomoka huku kasi ikizidi kupanda mpaka maili 3,852 kwa saa na urefu ukibaki maili 47 na kitu. Zamu ya nane weka 165 hivi, kisha 200 mfululizo, na zamu za mwisho uanze kupunguza kwa uangalifu. Mafuta yanatosha, kwa shida. Sasa jaribu kuongeza sifuri moja tu, ziwe nane. Utabaki na chini ya maili 37, na kusimama kwa nguvu zote kunahitaji takriban 46. Hapo hakuna namba ya kukuokoa. Kati ya ushindi na kifo ni zamu moja, na zamu yenyewe unaicheza ukiwa ungali juu sana, kabla chochote hakijaonekana kuharibika. Ndiyo maana naiona Lunar kuwa gemu ya subira iliyovaa nguo za hesabu.

Atari inakuua hapohapo. Juzi nilikuwa kwenye Cadet, mafuta yamebaki kama robo, nikakiona kiwanja chenye alama ya 5X (pointi mara tano) kimebanwa kati ya vilele viwili. Kiwanja cha 2X kilikuwa wazi kabisa upande wa pili, lakini tamaa ni tamaa. Nilikuwa naelea kulia kwa kasi kidogo, nikakilaza chombo nyuzi 45 kushoto ili niipunguze. Kasi ya mlalo ikapungua kweli. Nilichosahau ni kwamba ukilala nyuzi 45, asilimia 71 tu ya msukumo ndiyo inayokubeba juu. Nguvu nyingine inavuta ubavuni. Nikaanza kuzama. Wakati huohuo skrini ikavuta picha karibu, kama ifanyavyo ukikaribia ardhi, na kila kitu kikaonekana kinakwenda mara tatu ya kasi yake. Nikashtuka, nikavuta wenzo wote nikiwa bado nimelala. Mguu wa kushoto ukagonga kilele. Kutoka kosa hadi kifo: sekunde nne, labda tano.

Funzo la Atari basi ni mpangilio: maliza habari ya mlalo ukiwa juu, simama wima, kisha ndipo uishughulikie ardhi. Anayefanya yote matatu kwa pamoja anazikwa.

Moonlander iko katikati. Ni ya papo kwa papo kama Atari, lakini kalamu ni nzito kuliko kitufe, hivyo inabidi uamue sekunde kadhaa kabla. Ukisubiri hatari ionekane, mkono hautawahi.

Jupiter Lander inaua kwa ukuta. Kwa kuwa hakuna pembe, kushuka si tatizo kubwa. Tatizo ni viwanja. Viko vitatu, vya kuzidisha pointi mara 2, mara 5 na mara 10, na namba kubwa inadai upite penye mwanya mwembamba. Unabonyeza ubavuni kidogo, unaanza kuteleza, unabonyeza upande wa pili ili usimame, unazidisha, unateleza kurudi. Mtu aliyewahi kurudisha gari kinyumenyume kwenye uchochoro anaijua hali hiyo.

Muda

Mzunguko mmoja wa Lunar ni zamu kumi na tano hadi ishirini hivi, na unaweza kuunyoosha mchana kutwa kama una karatasi na kalamu pembeni. Atari na Jupiter Lander ni za dakika chache kwa kipindi. Tangi likikauka, umekwisha. Kwenye mashine halisi ya Atari ungeweza kuongeza sarafu ukaongezewa mafuta, utaratibu ambao kwa wenye mashine ulikuwa mtamu kuliko kwa wachezaji. Moonlander ni ya jaribio moja moja, kutua ama kuvunjika, unaanza tena.

Kuipata leo

Lunar ndiyo rahisi kuliko zote. Ni programu fupi mno, na ukijua kupanga programu hata kidogo unaweza kuiandika upya kwa lugha yoyote jioni moja. Mimi nilifanya hivyo, na nilijifunza zaidi kwa kuiandika kuliko kwa kuicheza.

Ya Atari inaendeshwa na emuleta (programu inayoiga mashine za zamani) ya MAME, na imo pia kwenye mkusanyiko wa Atari 50 uliotoka 2022. Mashine zenyewe ziliuzwa 4,830 tu. Asteroids, gemu nyingine ya Atari, ilipotoka baadaye mwaka uleule ikitumia vifaa vilevile, ilipendwa kiasi kwamba baadhi ya makabati yaliyotengenezwa kwa ajili ya Lunar Lander yaliishia kubeba Asteroids. Ukikuta kabati halisi linalofanya kazi, ushike ule wenzo hata mara moja.

Jupiter Lander unaicheza kwa emuleta ya VICE bila usumbufu wowote.

Moonlander ndiyo yenye kazi. Emuleta ya SIMH inaweza kuiga GT40 pamoja na skrini yake, na kipanya kinachukua nafasi ya kalamu, lakini lazima usome maelekezo na uvumilie kuandika amri. Si kitu cha kumpa mtu aliyesema "nina dakika tano".

Nani achukue ipi

Kama unapenda mafumbo ya hesabu, au una mwanafunzi anayeuliza fizikia inamsaidia nini, mpe Lunar. Usimwambie siri ya sifuri saba. Mwache achome mafuta yote juu, aone mwenyewe kilichotokea, ndipo mkae mwulizane kwa nini. Kwa mtu mwenye vidole vinavyowasha, anayetaka kuona moto ukitoka chini ya chombo, Lunar itamchosha kabla ya zamu ya tano, usimlazimishe.

Kama unataka kuonja mshtuko wa rubani mwenyewe, Atari ndiyo yako, lakini anza na Training hata kama unajiona mkali. Ukishaweza kutua mara tatu mfululizo kwenye viwanja vya 2X, hamia Cadet. Command iache kwanza. Wengi wanaodai gemu hii ni ngumu kupita kiasi waliingia huko siku ya kwanza.

Kama unacheza na mtoto, au wewe mwenyewe umeshindwa kabisa na habari ya kugeuza chombo, Jupiter Lander inakuachia jambo moja la kuhangaikia kwa wakati mmoja. Ni nzuri pia kwa watu wawili wanaopokezana na kushindania pointi, kwa sababu kila mtu anajua kiwanja cha mara 10 kiko wapi na kila mtu anajua nani aliogopa kukiendea. Ila ukija kwake ukitafuta Mwezi wa kweli, utaondoka na njaa.

Kama tayari umecheza moja ya hizo tatu na sasa unataka kujua wakubwa walikuwa wakifanya nini kwenye maabara kabla ya mashine za sarafu, tenga jioni nzima kwa Moonlander. Weka juu ya skrini kasi ya wima, kasi ya mlalo, urefu na mafuta. Vipimo vingine viache mpaka uzoee. Na mahali fulani kwenye ardhi ile Burness alificha mgahawa wa McDonald's. Ukitua vizuri karibu nao, mwanaanga anashuka na kutembea kwenda kuagiza chakula. Ukiuangukia, utalaumiwa kwa kuvunja mgahawa pekee uliokuwepo Mwezini.